Baka la Mgongoni

Siku hizi saratani ya ngozi hunyamazishwa kwa mikroRNA, chembe ndogo mno zinazozima jeni korofi, nazo lazima zitoke kwa mtu wa nyumbani. Zangu zilitoka kwa marehemu mke wangu, Mwanakheri, aliyezichukia safari zangu. Nikivuka mto tu, baka la mgongoni liliniwasha mpaka nirudi.

Mwaka huu zikachoka, baka likaanza kutambaa.

"Baba, tuweke zangu," binti yangu Raya alisema. "Au unataka kumfuata mama?"

"Na za mama yako?"

"Zitaondolewa kwanza. Utatembea utakavyo, mzee wa mguu na njia."

Nikakubali. Jana nilivuka mto, nikasimama ng'ambo kungoja kuwashwa. Mgongo ulikaa kimya, nami sikujua niende wapi.