Ua Moja kwa Kila Mti

Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege ilipofunguka kwenye kompyuta, niliona miti ya ohia imekauka, yote kando ya njia tunayopitia kwenda kuchuma maua ya ngoma ya hula. Kuvu inayoiua huingilia penye kidonda, tena husafiri kwenye makali yaliyokata mti mgonjwa.

"Umenuna nini, mtoto wewe?" Shangazi Kapua alinivisha shada jekundu la maua ya ohia. Umande wake ulikuwa baridi shingoni.

"Haya umeyachuma wapi?"

"Kohala. Huko msitu bado mzima. Nimeuomba ruhusa, nikakata ua moja tu kwa kila mti, usielemewe hata mmoja. Ndivyo tulivyolelewa."

Nyuzi nyekundu za maua zilidondokea kibodi.

"Kwa kisu kilekile unachochumia huku?"

"Cha bibi yako, kingine nikitoe wapi? Wanafunzi wangu wa hula wameshavuka nacho hadi kisiwa cha Maui, kuchuma ya huko."