Kikohozi cha Baba Mkwe

Kikohozi kilipotoka chumba cha uani, Alinanuswe alijitanda kanga usoni, akaweka sahani ya wali na kuku mlangoni, akarudi kinyumenyume. Kwa Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake wala hasemezani naye. Miaka sita ya ndoa yeye alimjua mzee kwa kikohozi tu: viwili vifupi, kimoja kirefu kama bawaba kavu.

Mzee alikuwa amekuja kwao Mbeya mjini, mtaa wa Soweto, kutibiwa kifua. Asukile, mumewe Alinanuswe, fundi redio, ndiye aliyemfuata Tukuyu, mashine ya kurekodia sauti ikining'inia begani. Walifika Alinanuswe akiwa sokoni.

Kesho yake Asukile akafunga mitambo. Amplifaya ikakaa sebuleni, kwenye kabati lenye kufuli. Waya ukapita darini hadi kwenye spika ya chumba cha uani.

"Baba asikie ibada na taarifa ya habari," alisema. "Wewe usiguse kitu. Hata vumbi usifute."

"Na mimi je, atanitetea kwa ndugu zako?"

"Mlishe vizuri. Akiondoka ameridhika, nani tena ataniambia nioe mwingine kwa kuwa hujazaa?"

Basi Alinanuswe akalisha. Kuku wake wa mayai wakaisha mmoja mmoja. Mzee, kwa kinywa cha Asukile, akataka maziwa mgando, akapelekewa. Akataka ndimu.

"Ndimu tena?" jirani yake Tekla alicheka. "Huyo mzee atakufilisi, mwenzangu. Na hiyo redio aliyofungiwa mbona hatuisikii? Tunasikia kukohoa tu."

"Kifua hicho, dada. Dawa zinamkausha mdomo."

Jumamosi mchana Asukile alitoka kununua sigara. Alinanuswe akajifunika, akabeba ugali na samaki hadi mlangoni. Mzee akakohoa, viwili vifupi. Akaanza kile kirefu.

Umeme ukakatika. Redio za mtaa mzima zikanyamaza kwa pamoja, na kikohozi nacho kikaishia katikati.

Alinanuswe akasimama na sahani mkononi. Ndani kitanda kikalia, nyayo zikajiburuta mpaka nyuma ya mlango.

"Asukile, umesharudi?" sauti ya mwanamke ikauliza, ya usingizi, ya kudeka. "Mashine yako imezimika. Na huyo mpishi wetu mwambie apunguze chumvi, mwanao anaikataa huku tumboni."