Besi Jirani na Eda

Ngo! Ngo! Ngo! Ukuta uligongwa tena, na Gaudence akaondoa vidole kwenye nyuzi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Umesikia?" mkewe Asumpta alimwuliza kutoka uani, alikokuwa akipepeta maharage. "Leo ni mara ya tatu. Haya, piga tena, utufukuzishe."

Gaudence alikuwa bwana shamba aliyehamishiwa Songea kutoka Mbinga. Pombe hanywi, mpira hatazami. Starehe yake ilikuwa hilo gitaa la besi, alilolinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, likiwa na nyuzi mbili na shingo iliyopinda. Alilihangaikia, jamani! Shingo aliinyoosha kidogo kidogo, leo robo mzunguko, kesho robo, asije akaivunja. Vyuma vya shingoni alivisugua kwa msasa laini mpaka vikaacha kukwaruza. Kile kipande cha juu kinachotenganisha nyuzi kilikuwa kimemeguka, akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe aliopewa na muuza supu. Mfupa huo aliuchemsha kwa sabuni kutoa mafuta, akauanika siku tatu, na Asumpta akafukuza paka siku hizo zote.

Gitaa likapona. Tatizo likawa pa kulipigia.

Mtaa wa kwanza, Mfaranyaki, walihamishwa nyumba mbili. Ya kwanza, mwenye nyumba alisema besi inamtikisia kuku anayeatamia. Ya pili, hakusema kitu, alitoa tu godoro lao nje.

"Tukifukuzwa na hapa Mshangano," Asumpta alikwisha kusema, "mimi narudi Mbinga kwa mama. Wewe ukalale na besi yako."

Mwenye nyumba wao wa sasa, Mzee Bashiru, mtu wa Tunduru, hakuwahi kulalamika. Alipofariki, Gaudence aliliweka gitaa juu ya kabati, akahesabu siku arobaini, hata vumbi hakulifuta. Siku ya arobaini na moja akaliteremsha. Kwa hesabu yake, matanga yamekwisha.

Siku hiyohiyo ukuta ukagongwa kutoka upande wa mjane, Bi Mwanne.

Asumpta alikwenda kuulizia gengeni, akarudi ameshika kichwa. "Bi Mwanne yuko kwenye eda! Miezi minne na siku kumi, hatoki, haonani na wanaume wa nje. Na wewe unamtwangia besi sikioni!"

"Nikamwombe radhi?"

"Uingie kwa mlango upi, mwanamume wewe?"

"Basi nenda wewe."

"Mimi? Niende na uso gani? Wewe si ndiye fundi? Lifunge mdomo."

Gaudence akalifunga mdomo. Alichukua sponji ya kuoshea vyombo, akaikata urefu wa kidole, akaipachika chini ya nyuzi ili mlio usivume. Ngo! Akailaza spika kifudifudi juu ya godoro. Ngo! Mwisho akachomoa waya kabisa, akapiga gitaa kavu, shavu lake limegusa ubao ili asikie walau yeye mwenyewe. Nyumba haikuwa na dari, kila mlio ulipita juu ya ukuta.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Huyu mama ana masikio ya sungura," alinong'ona.

Cha ajabu, Bi Mwanne alikuwa akiuvumilia mwanzo wote wa ule wimbo wa matoleo ambao Gaudence alijifunza kwa ajili ya kwaya. Kila ulipofika pa kugeukia, pale unapoingia kiitikio, akagonga.

"Ndipo subira yake inapokatikia," alisema Asumpta. "Ni binadamu."

Wiki ya tatu ikaisha hivyo. Jumamosi asubuhi Muhsini, kijana wa marehemu anayepokea kodi, alipiga hodi mkononi ana bahasha.

"Karibu, kaka Muhsini, kuna uji," Asumpta alisema.

"Ahsante shemeji, sikai. Mama kanituma. Kasema msome wenyewe." Akaiweka bahasha mezani, akaondoka upesi huku ameng'ata mdomo.

Hakuna aliyeigusa. Gaudence alichukua kitambaa, akalifuta gitaa shingo nzima, chuma kwa chuma, kisha akaanza kulegeza nyuzi moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?"

"Nalipeleka sokoni leo hii. Nitamwambia Muhsini limeuzwa, huenda wakatuachia chumba."

Asumpta alikuwa amelisubiri neno hilo wiki tatu. Sasa lilipotoka, hakulifurahia. Alimtazama mumewe anavyoukunja ule uzi mnene taratibu, kama anayemvua mtoto shati akiwa usingizini, akaketi karibu yake.

"Tusome kwanza. Labda katupa mwezi mzima."

"Soma wewe. Mimi siwezi."

Asumpta alipasua bahasha, akasafisha koo.

"'Mwanangu Gaudence, salaam. Nimevumilia vya kutosha. Wiki tatu nakugongea, na kila nikigonga wewe unanyamaza badala ya kurudia. Wimbo ukifika pa kugeukia unawahi mno. Ngoja mapigo mawili, ndipo uteremke. Na hilo lidude ulilolipachika chini ya nyuzi litoe, linanifichia mlio wa kidole chako. Ningekuonyesha mwenyewe, ila eda yangu bado miezi miwili na siku kidogo.'"

Asumpta aliigeuza karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamalizia pole pole.

"'Ni mimi, Mwanne binti Hassani. Mpiga besi, Nakapanya Jazz, 1974.'"