Chumba Chini ya Mchanga

Dhoruba ilipiga siku mbili. Siku ya tatu Bi Mwanashehe alikuta kilima cha mchanga kilichoukinga mji na bahari kimeliwa nusu. Pale kilipokatika palikuwa pametokea ukuta mweupe wenye mlango. Ilikuwa nyumba ya mama yake, iliyofukiwa na mchanga miaka thelathini nyuma, muda mfupi baada ya mazishi yake.

Alichukua fagio akaingia. Dari ya boriti ilikuwa bado imeshika, na chumba kilikuwa kikavu na kimya, kama mtu aliyelala. Akaanza kukifagia polepole.

Kaka yake, Shekuwe, alimkuta humo. "Jumamosi nitaleta mafundi," alisema, akiupapasa ukuta. "Tutaezeka upya, turudi kwetu."

"Unadhani mchanga umekwenda wapi, kaka?"

"Bahari imeuchukua."

"Umelala pale tu, mawimbi yanapovunjika. Bahari ikipoa itausukuma ufukoni kidogo kidogo, na upepo utaupandisha. Nasi twauhitaji. Kama si kilima hiki, juzi tungelala majini."

Shekuwe aliuondoa mkono ukutani. Machozi yalimlengalenga. "Mama alifia humu," alisema, "nami nilikuwa safarini."

Mwanashehe alivua kanga moja akaitandika sakafuni, mahali kilipokuwa kitanda. "Basi kaa naye leo."

Shekuwe alivua viatu, akajilaza kwa ubavu, akafumba macho. Dada yake aliketi mlangoni. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na mchanga laini kama unga ulivuka kizingiti bila sauti, ukamfunika vidole vya miguu. Hakuupangusa.