Nusu Kichwa

Saa ya sala ilipofika, msusi Sikudhani aliacha msuko katikati akavaa viatu.

"We Sikudhani, unaniacha nusu kichwa?" alimaka Tausi, mke wa kamanda.

"Nakwenda kuomba vita viishe, Bi Tausi. Nikirudi nitakumalizia."

"Kila siku unaacha kazi?"

"Mpaka viishe."

Tausi akabaki anajitazama kiooni.

Barabarani wanawake walikuwa wamekwisha kusimama, wenye tasbihi na wenye rozari, mikono bado inanuka vitunguu na sabuni. Malori ya askari yakaja yakipiga honi. Hakuna aliyesogea.

Kamanda alishuka gari la mbele akifoka, "Tokeni njiani!" Kisha akasogea karibu. Mkewe alikuwa amesimama katikati yao, upande mmoja mistari imenyooka, upande wa pili nywele zimetimka, chanuo limechomekwa humo humo.

"Umetoka hivyo mbele za watu?" alinong'ona.

"Nasali," Tausi alijibu kwa sauti kubwa. "Waambie wazime magari."

Dereva wa kwanza hakungoja kuambiwa. Injini zikazimika moja moja, mpaka "amina" ya wanawake ikasikika hadi lori la mwisho.