Mbwa wa Getini

Siku hizi kila nyumba ina mbwa wa kunusa mabomu getini, na mbwa akiketi mbele ya mtu, wote waliopo hulala kifudifudi mpaka askari wafike. Atupele anafanya kazi kiwandani, anapakia vitambaa vyenye harufu ya baruti vya kufundishia mbwa hao. Havilipuki hata ukivichoma moto. Ila harufu yenyewe haimtoki, hata aoge kwa sabuni gani.

Siku ya posa ya mdogo wake, Subilaga, mbwa aliketi mbele ya Atupele. Wageni wakalala chini na suti zao, mshenga shavu kwenye mchuzi.

"Ni harufu ya kazini tu, jamani!" Atupele alilia, naye kalala. Wageni wale hawakurudi tena.

Jumapili alikwenda kwao kuomba radhi, amejisugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi imechubuka. Mama yake alikuwa barazani anachambua mchele. Alipomwona getini, aliweka ungo pembeni, akashika magoti yake mabovu, akajilaza taratibu kifudifudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mbwa alikuwa bado hajaketi.