Jina Lililobaki kwa Msuluhishi

Jina lolote lililotajwa mbele ya msuluhishi, sheria ililifunga ulimini. Nje ya chumba chake halikutamkika tena. Watu wakasema yao bila hofu. Mwanapili na mumewe Shaweji nao walilaumiana humo, wakamlilia binti yao marehemu kwa jina lake, wakasameheana.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, asubuhi, Shaweji alimmiminia mkewe chai. "Kunywa, bibi harusi wangu mzee."

"Mzee babu yako!" Mwanapili alicheka, akamshukuru Mungu kwa ndoa iliyopona.

Kisha wakainua mikono kumwombea mtoto, kama kila Ijumaa. Shaweji alipofika penye jina, akakwama. Mwanapili akajaribu kumsaidia. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Mungu analijua," akasema polepole.

"Amina," Shaweji akajibu, akamshika mkono, wala asiuachie.